Mama aliuliza kama kimbunga kitafika Tukuyu

Usiku wa Mei 3, 2024 dada yangu alipiga simu kutoka Kilindoni, kisiwani Mafia. Ni mwalimu huko. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye watoto wamelala chumba cha pili. Alisema mashua zimepandishwa juu kabisa, chini ya minazi, kivuko kimesimama, na mzee jirani amemletea kamba ya katani akamwambia, "Mwalimu, funga paa lako kabla hakujakucha." Mama alikuwa amekaa pembeni yangu Tukuyu, huku milimani mkoani Mbeya, blanketi mabegani, akaomba simu. Akauliza, "Mwanangu, hicho kimbunga kitafika na huku?"

Dada akamjibu, "Hapana mama, huko ni mbali." Kwa upande wa upepo alisema kweli tupu. Kwa upande wa mvua, udongo, barabara na soko, jibu linahitaji maelezo marefu zaidi, na tangu usiku ule nimekuwa nikitafuta namna ya kumpa mama maelezo hayo.

Neno lenyewe ndilo linalotuchanganya kwanza. Ukipita Mbarali mwezi wa kumi, vumbi la mashamba yaliyovunwa hunyanyuka likizunguka kama pia. Hicho ni chamchela. Kinazaliwa na joto la ardhi na dakika chache tu kimekwisha. Mvua za kwanza zikiingia na radi zake, upepo hushuka ghafla kutoka kwenye wingu, unaezua madarasa mawili na kuangusha migomba, na kesho yake kila mtu anasema kimbunga kimepita. Ule ni upepo wa mvua ya radi. Unapiga kijiji kimoja au viwili, nusu saa umetulia. Kimbunga chenyewe, kile kinachopewa jina kama mtu, upana wake ni mamia ya kilomita, kinaishi siku nyingi, na hakizaliwi nchi kavu hata siku moja.

Hakizaliwi nchi kavu kwa sababu chakula chake ni bahari yenye joto. Maji yanatakiwa yafike nyuzijoto 26.5 au zaidi, na joto hilo liende chini hadi kama mita 50, siyo la juujuu. Maji hayo yanatoa mvuke, mvuke unapanda, na ukifika juu kwenye baridi unarudi kuwa matone. Hapo ndipo penye siri. Mpishi yeyote anajua kwamba mvuke wa sufuria unaunguza mkono kuliko maji yaliyochemka. Joto lililotumika kuyageuza maji kuwa mvuke halikupotea, lilibebwa humo humo, na mvuke ukigeuka maji joto lile linaachiliwa. Huko mawinguni linaachiliwa kwa wingi usiosemeka. Hewa inapashwa, inazidi kupanda, chini yake kunabaki upungufu, na hewa ya pembeni inakimbilia kuujaza. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo inayokimbia haifiki moja kwa moja, inapinda. Upande wetu wa kusini mwa Ikweta inazunguka kama mshale wa saa. Kasi yake ikifika kilomita 118 kwa saa, ndipo wataalamu wa Bahari ya Hindi upande wetu wanapokiita kimbunga. Chini ya hapo ni dhoruba tu, ingawa nayo inatosha kuzamisha mashua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inaposema kuna "mgandamizo mdogo wa hewa" baharini, wengi wetu tunasikia maneno ya kitaalamu yanayopita sikioni. Lakini sisi wa nyanda za juu mgandamizo mdogo tunaishi nao jikoni. Maharage ya Mbeya mjini yanakaa motoni muda mrefu kuliko maharage yale yale yakipikwa Kyela. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa inayotukandamiza ni pungufu, maji yanachemka kabla hayajafika nyuzijoto 100, na maharage yanapikwa kwa moto hafifu bila mwenyewe kujua. Kwa kipimo cha hali ya hewa kiitwacho hektopaskali, pwani mgandamizo ni kama 1,013. Ufukweni Matema, kwenye Ziwa Nyasa, ni kama 957. Mbeya mjini ni kama 825.

Sasa linganisha. Jicho la kimbunga kikali, pale katikati penye utulivu, linaweza kuwa na mgandamizo wa 957 hivi. Yaani hewa ya katikati ya kimbunga kikali ni sawa na hewa ya watu wanaoanika usipa, dagaa wa ziwa hilo, Matema kila siku ya Mungu. Na hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya jicho la kimbunga chochote kilichowahi kupimwa baharini; rekodi ya dunia, ya mwaka 1979 katika Pasifiki, ni 870. Mbona basi Mbeya hatupeperushwi? Kwa sababu jirani zetu walio kwenye mwinuko kama wetu wana hewa kama yetu. Udogo wa mgandamizo peke yake hauleti upepo. Kinacholeta upepo ni tofauti: hapa 957, na mwendo wa kilomita mia chache tu, kwenye usawa ule ule wa bahari, zaidi ya 1,000. Hewa inaporomokea kwenye tofauti hiyo kama maji ya Kiwira yanavyoporomoka pale mto unapobanwa na miamba.

Tofauti hiyo inainua na bahari yenyewe. Kila hektopaskali moja inayopungua, maji yanapanda karibu sentimita moja. Pungufu ya 50 ni nusu mita ya bahari, kabla hata upepo haujaanza kuyasukuma maji kuelekea ufukweni. Kwa hiyo mtu wa kisiwani akisikia kimbunga kinakuja, swali lake la kwanza linahusu mwezi. Kikija wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yanayojaa hadi mwisho wake yanaongezewa hayo mengine juu. Kimbunga kile cha dada, kilichopewa jina Hidaya, kilifika Mafia Mei 4, na mwezi mpya ulikuwa wa Mei 8. Bahari ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye maji mafu, yale yanayojaa kidogo. Siku nne mbele ingekuwa habari nyingine. Mzee yule aliyeleta kamba alilijua hilo bila kusoma mahali.

Nilidhani Tanzania inaokolewa na bahati. Kuna sababu. Karibu na Ikweta nguvu ile ya mzunguko wa dunia inayopindisha hewa ni ndogo mno, na vimbunga kwa kawaida havijisuki chini ya nyuzi 5 za latitudo. Unguja ipo nyuzi 6 kusini, Mafia karibu 8. Halafu kuna Madagaska, kisiwa kirefu kilicholala kama ukuta, ambacho kinapokea mapigo mengi yanayotoka mashariki. Mbeya yenyewe iko kusini zaidi ya Mafia, kwa hiyo latitudo haitukingi. Tunakingwa na nchi kavu: kimbunga kikishapanda nchi kavu kimekatiwa chakula, na milima na misitu inakikwaruza hadi upepo wake unaisha.

Lakini vinavyofika, vinafika lini? Kimbunga kilichoivunja Unguja kilipiga Aprili 15, 1872. Kilichoipiga Lindi kilikuja Aprili 1952. Kenneth, kilichopita kaskazini mwa Ngazija, Komoro, na kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, huku watu wa Mtwara wakihamishwa kwa tahadhari, ni Aprili 2019. Jobo, kilichodhoofika kabla ya kufika pwani yetu, ni Aprili 2021. Hidaya, Mei 2024. Msimu wa vimbunga katika eneo letu unahesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na sisi tunapigwa mwishoni, kaskazi inapochoka na kusi haijashika. Ni wakati ambao huku kwetu mvua zinaelekea ukingoni, tunavuna maharage na kuacha kuangalia mawingu. Ninaona hatari katika hilo, kwamba macho yetu yanalala mwezi ule ule ambao bahari inaamka.

Alfajiri ya Mei 4 dada hakupatikana. Simu iliita mara moja ikakata, kisha ikawa haipatikani kabisa. Alivyonisimulia baadaye, upepo wenyewe ulikuwa wa saa chache. Mabati matatu ya upande wa jiko yalinyanyuka, misumari ikilia kama mtu anayechana kitambaa kizito, na moja likaruka hadi shambani kwa jirani likajikita kwenye shina la mnazi. Kamba ya katani iliyashika mengine. Nyumba ya yule mzee ni ya makuti. Ilipoteza nusu ya paa, naye siku ya pili alikuwa ameshaanza kusuka, maana chini kulijaa majani ya minazi. Bati likiruka ni panga, na kulirudisha ni fedha na safari ya boti. Kuti likiruka ni kuti. Ila makuti yana deni lake: mnazi uliovuliwa majani unachukua muda kutoa majani mapya, kwa hiyo mwaka unaofuata makuti yanaadimika, na mnazi ulioangushwa kabisa, ukipanda mwingine wa asili, unasubiri miaka 6 au 7 kuona nazi.

Dada anasema siku ya upepo siyo siku mbaya kuliko zote. Siku mbaya ni ya nne na ya tano. Kisiwa kinaishi kwa kuvuka. Vitunguu, viazi, unga wa ngano, saruji, dawa, vyote vinatoka bara, vinapita Nyamisati kwenye delta ya Rufiji na kuvuka hadi Kilindoni. Umeme wa Mafia kwa miaka mingi umekuwa wa majenereta ya dizeli yaliyopo hapo hapo kisiwani, na dizeli nayo inakuja kwa njia ya maji. Bahari ikichafuka, chombo hakitoki. Chombo kisipotoka, mafuta yanapungua. Mafuta yakipungua umeme unakuwa wa mgawo, mnara wa simu unazimika, na mnara ukizimika fedha yote iliyomo kwenye simu inakuwa namba tu. Alikuwa na mshahara wake na hakuwa na senti ya kununulia mkaa. Mwenye duka alimwandikia kwenye daftari, kama enzi za babu zetu.

Na maji ya kunywa. Hili sikulijua, nami nimekulia mahali ambapo maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani. Chini ya kisiwa, maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea kwenye mchuzi. Mvua ndiyo inayoyajaza, na kisima kinachota kwenye tabaka hilo la juu. Bahari ikipanda na kumwagikia visima vya ufukweni, chumvi inaingia kutoka juu, na kisima kinaweza kuharibika kwa miezi. Watu wanaamka baada ya mvua kubwa, kila kitu kimelowa, na hawana maji ya kunywa.

Kivuko kilivyosimama Mafia, boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar nazo zilisitishwa. Kisha mvua ya Hidaya ikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, eneo la Somanga, Kilwa. Hapo kimbunga kikafanya watu wa bara nao waishi kisiwani kwa siku kadhaa, wamezungukwa na maji pande zote, wakisubiri kuvuka.

Jirani zetu wa Mayotte, kisiwa cha Ufaransa karibu na Komoro, waliona kubwa zaidi. Desemba 14, 2024 kimbunga Chido kilipita juu yao kwa upepo uliovuka kilomita 200 kwa saa, na vile vilima vya Mamoudzou vilivyofunikwa na nyumba za mabati vikabaki udongo mtupu. Siku zilizofuata bati lile lile lililoruka lilikuwa limeokotwa, limenyooshwa kwa nyundo na kusimamishwa tena. Serikali ikaweka masharti ya nani auziwe mabati mapya: asiye na karatasi za makazi hakuruhusiwa kununua. Nimelifikiria sana hilo. Bati, ambalo kwa fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, ni bidhaa ya kawaida tu, lilifikia kuombewa kitambulisho.

Athari nyingine zinakaa kizazi hadi kizazi. Kile kimbunga cha 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyo jirani tu, ikanusurika. Hadi leo karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka Pemba. Upepo wa siku moja uliamua kisiwa kipi kitakuwa cha karafuu kwa zaidi ya miaka 150.

Sasa nirudi kwa mama. Kinafika na huku?

Kwanza kinafika kwa kuvuta. Kimbunga kikikaa mashariki mwa Madagaska au kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, kinaweza kuugeuza upepo wa eneo zima. Mara nyingine hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo inavutwa kuja mashariki, inapita juu yetu, inapanda milima ya Rungwe na Mporoto na kumwaga mvua ya siku tatu mfululizo. Mara nyingine kinafyonza unyevu kuelekea kwake, na sisi tunabaki na jua kali katikati ya Februari, mahindi yakiwa yanachanua, wakati ambao hayavumilii kiu. Inategemea kimekaa wapi. Mkulima wa Uyole anayetazama anga safi akashangaa mvua zimekwenda wapi, wakati mwingine zimekwenda baharini, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka shambani kwake.

Pili, kinaweza kufika kwa maji yake, na hili ndilo linalonitia hofu. Freddy alipewa jina Februari 2023 karibu na Australia, akavuka Bahari ya Hindi yote, akapiga Madagaska, akapiga Msumbiji, akarudi baharini, akapiga Msumbiji tena, kisha akaingia kusini mwa Malawi mwezi Machi. Alipofika Blantyre upepo wake ulikuwa si wa kutisha tena. Taarifa zingesema amepungua nguvu, na ingekuwa kweli. Lakini maji aliyobeba yalimwagwa kwenye milima, na usiku udongo wa mlima Soche ukashuka juu ya nyumba za watu Chilobwe. Malawi ilizika zaidi ya watu 600, na mamia wengine hawakuonekana tena. Miaka minne kabla, Idai kilifanya hivyo hivyo kwenye milima ya Chimanimani, Zimbabwe. Hao si watu wa visiwani. Ni watu wa milimani kama sisi, wenye mashamba ya mteremko na nyumba zilizochimbiwa kwenye kingo.

Nisieleweke vibaya. Aprili 14, 2024 tope la Mlima Kawetere liliposhuka na kufukia nyumba Itezi, hapa hapa Mbeya, hapakuwa na kimbunga. Ilikuwa mvua kubwa ya msimu ule wa El Niño. Kila maafa tusiyabandike kimbunga, maana tukishabandika hivyo tunaacha kuuliza kwa nini mlima ulikuwa mtupu na nyumba zilijengwa pale. Ila Itezi imetuonyesha udongo wetu unavyofanya ukishashiba maji, na kimbunga kilichokufa upepo ni mfuko mkubwa wa maji unaotafuta mlima wa kumwagia.

Ndiyo maana kuna maneno mawili kwenye taarifa ambayo nayasikiliza tofauti siku hizi. La kwanza ni "kimepungua nguvu". Hilo linahusu upepo peke yake. Mtu wa Mafia akilisikia anaweza kutoka kwenda kuangalia mashua yake. Mtu wa Kyela, aliye kati ya mito ya Songwe, Kiwira na Lufilyo, asubiri kusikia habari ya mvua kabla ya kupumua. La pili ni rangi na ngazi za tahadhari: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Zinapima madhara yanayotarajiwa mahali fulani, wala si ukubwa wa kimbunga. Mkoa wa mbali na upepo unaweza kupewa ngazi ya juu kwa sababu ya mvua. Jina nalo lisikudanganye. Hidaya kwa Kiswahili ni zawadi, lakini majina hupangwa kwenye orodha mapema, kabla kimbunga hakijakuwepo, na hayaelezi tabia.

Njia ya tatu ambayo kimbunga kinafika kwetu ni kwa malori, na hii inaelekea upande wa pili, kutoka kwetu kwenda kwao. Paa likiruka pwani, mbao za kulirudisha zinatoka sana Mufindi, kwenye mipaini ya Sao Hill, na Njombe. Nguzo za umeme zinazosimamishwa upya ni mikaratusi ya huku huku, inayokatwa, kukaushwa na kutiwa dawa, kisha kulazwa kwenye malori marefu yanayoshuka Kitonga usiku. Sisi mkaratusi tunauita mlingoti. Mtu wa pwani akisikia mlingoti anaona nguzo ya tanga.

Dada alipata mbao zake mwezi wa sita. Fundi alimwambia ni za Mafinga, na alizijua kwa harufu kabla hajaambiwa, ile harufu ya utomvu tuliyokuwa tukiinusa tukipita na basi tukiwa watoto. Zilikaa Nyamisati siku mbili, kwa kuwa mashua ilikuwa inasubiri maji yajae. Alizipigilia pamoja na mzee jirani, safari hii kila bati likafungwa kwa waya kwenye mbao, waya ukazungushwa mara mbili. Kamba ya katani ameining'iniza nyuma ya mlango. Mama anampigia kila Aprili kumuuliza kama bado ipo.